Kopo la Nusu

Tarehe 4 Februari

Mke mwenzangu,

Wewe una miguu kweli, au waliikata huko walikokupeleka kufundisha? Miezi kumi na mmoja hujakanyaga hapa. Vidole vyangu vimekwisha, nikaazima kimoja cha fundi viatu ili hesabu ikamilike. Kila basi likisimama pale barabarani natoa kichwa dirishani kama kuku aliyesikia mahindi yakimwagwa, anashuka mtu mwingine na mabegi yake. Halafu unaniletea barua, na ndani ya barua hakuna “nakuja”. Kuna “bibi, naomba makopo”. Babu yako, aliyekuwa akituita sisi wawili wake zake, angekuwa hai angekupa talaka.

Haya, nimekusikia. Fundi viatu amenisomea mara mbili. Yeye ndiye bado mkono wangu na macho yangu kwenye karatasi, maana mimi shule niliiona kwa nje tu nikipita na ndoo kichwani. Anakusalimu, anasema viatu vyako vya darasa la pili alivishona mara nne na bado anaviota. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambie.

Unasema watoto wako wa chekechea ukiwawekea chupa nyembamba na bakuli pana, wanaapa kwamba chupa ina maji mengi kwa sababu ni ndefu. Unashangaa nini? Wewe ulikuwa hivyohivyo. Ulinililia asubuhi nzima kwamba uji wako ni kidogo, uko kwenye kikombe kifupi. Nikaumimina uji uleule kwenye glasi ndefu mbele ya macho yako. Ukanyamaza, ukanywa, ukaniambia “asante bibi kwa kuongeza”. Sikuongeza hata tone.

Kwa hiyo usiwahubirie. Mtoto hajui ujazo kwa kuambiwa, anaujua kwa kuloana. Weka beseni chini, wakae kulizunguka. Waseme kwanza: kipi kitachukua maji mengi? Kila mmoja aseme, hata yule anayejificha nyuma ya mwenzake. Kisha wamimine wenyewe. Kisha na wewe unyamaze, usidakie neno, waache waangalie. Hapo kwenye kunyamaza ndipo akili inapoingia.

Makopo yangu ya maziwa nimempa dereva wa basi, ameyafunga kwenye mfuko wa unga. Kubwa ni la lita. Dogo ni la nusu, mawili yake yanajaza kubwa mpaka ukingoni. Usiogope ukiona kitako cha lile la nusu kina kiraka: kilitoboka, fundi bati akaniwekea kingine, na mpaka leo halivuji. Yatunze. Nilipima maziwa kwa makopo hayo mlangoni kwangu miaka ishirini na minane, na mtu aliyesema yanapunja ni mmoja tu duniani. Unamjua. Wifi yangu, dada wa babu yako. Alisimama mbele ya wateja na chupa yake mkononi, akasema “wifi, kopo lako linanipunja”. Nikamrudishia chupa yake tupu, nikamwambia akatafute mwenye kopo la dhahabu. Ni miaka tisa sasa. Nyumba yake iko mtaa wa pili, ukipiga chafya huku anaisikia kule, na hatusemezani. Tukikutana bombani, anayekuja nyuma anageuka na ndoo yake.

Nasikia mwanawe anamchukua tarehe thelathini Aprili, anahama kabisa. Aende salama. Mimi halinihusu.

Wafundishe hao watoto.

Bibi yako


Tarehe 20 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya na magoti yanaendelea vizuri. Mimi sijambo.

Makopo yalifika salama. Somo la ujazo lilikwenda vizuri sana. Watoto walifurahi mno, walimimina maji kwa zamu, na mwalimu mkuu alikuja kuangalia akaridhika. Nimefuata maelekezo yako yote. Nakushukuru kwa moyo wako.

Bibi, nimewaza sana habari ya bibi mdogo kuhama. Huwezi kwenda kumuaga? Mtu akienda kuishi kwa mwanawe, huko mbali, si rahisi kurudi. Labda lile jambo la kopo lilikuwa dogo tu. Labda kila mmoja wenu alikuwa na sababu yake.

Msalimie mjomba fundi. Nitakuja nafasi ikipatikana.

Mjukuu wako,
Mwalimu


Tarehe 2 Machi

Mke mwenzangu,

Barua yako ni laini mno, nimeteleza. Fundi aliposema “natumaini u mzima wa afya” nikamuuliza, hiyo umeitoa wapi, umesoma barua ya mtu mwingine? Akaniapia ni yako. Wewe nimekulea. Ukivunja kitu ndipo unapoongea vizuri. Siku uliyopasua taa yangu uliingia ndani ukanisalimia mara tatu.

Nimekutumia makopo mawili ukafundishie. Unaniambia watoto walifurahi. Hata ukiwatupia paka watafurahi. Nusu ngapi zilijaza kubwa? Hilo hukuliandika. Nani alisema nini? Nani alimwaga? Hakuna. Darasa zima la watoto na maji, na hakuna hata mmoja aliyeloa?

Halafu unaniambia nikamuage wifi. Tangu lini unamtetea? Mwanamke yule aliniita mwizi mlangoni kwangu, mbele ya watu saba, asubuhi, maziwa bado yana povu. Nikienda kwake leo ni sawa na kusema kweli nilimpunja. Sijawahi kumpunja mtu. Sina shamba, sina nyumba ya ghorofa, sijui hata kuandika jina langu. Nina hilo kopo. Ukiondoa hilo, mimi ni kizee tu chenye magoti mabovu. Kama anataka tuagane, miguu anayo, aje yeye aseme amekosea.

Niandikie kilichotokea. Na usinisalimie mara tatu.

Bibi yako


Tarehe 13 Machi

Mjomba fundi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, naomba umwingize bibi ndani na ufunge mlango. Yanayofuata ni yake peke yake, wapita njia wasiyasikie.

Bibi, shikamoo, mara moja tu.

Nilikuficha. Nilijua barua yangu itasomwa kwa sauti, na lile benchi la mjomba fundi halikosi watu. Niliona heri uniite mwongo kuliko mtaa usikie habari yako.

Watoto ishirini na watatu walikaa kulizunguka beseni. Nilifanya ulivyosema. Chupa na bakuli viliwashangaza, mmoja akainama kuangalia chini ya bakuli kama kuna tundu la kuingizia maji ya siri. Nikafurahi. Nikasema, sasa nawaonyesha makopo ya bibi yangu, aliyepima maziwa miaka ishirini na minane. Nusu ngapi zitajaza kopo kubwa? Wakasema mbili. Tukamimina mbili. Halikujaa.

Nikasema, mmemwaga. Tukarudia, halikujaa. Mara ya tatu nikamimina mwenyewe, mwalimu mkuu amesimama mlangoni. Ilibaki nafasi ya vidole viwili.

Yupo msichana mmoja tunamwita Pengo, meno ya mbele yametoka yote. Ana miaka mitano. Akasema, “Mwalimu, kopo linadanganya.” Nikamkaripia, bibi. Nikamwambia kopo la bibi yangu halidanganyi, akae chini. Akakaa, lakini mkono wake haukukaa. Alitumbukiza penseli ndani ya kopo la nusu mpaka ikagota, akaibana kwa kidole pale kwenye ukingo, akaitoa, akaisimamisha kwa nje kando ya kopo. Kidole chake kikawa chini ya ukingo. Chini sana. Akaniangalia, na wenzake wote wakaniangalia.

Fundi bati hakukitoa kitako kibovu. Alikiacha, akatumbukiza kingine ndani juu yake, akakilehemu. Katikati ya vitako viwili kuna uwazi wa kidole kizima kilicholala. Kwa nje kopo ni lilelile, urefu uleule, ndiyo maana hukuona. Mimi pia sikuona, na nilisomea ualimu. Sote tuliliangalia kwa nje, kama wale watoto na chupa yao ndefu.

Nakuuliza jambo moja, na huna haja ya kunijibu kwa maandishi. Kitako kile kiliwekwa lini? Kabla ya asubuhi ile ya bibi mdogo, au baadaye?

Najua hukujua. Ningeapa popote kwamba hukujua. Lakini yeye anahama tarehe thelathini Aprili.

Mjukuu wako


Tarehe 22 Machi

Mwalimu,

Marahaba. Hii ni barua yangu mwenyewe, bibi yako hajui kama ninaandika.

Nilimwingiza ndani nikafunga mlango kama ulivyoagiza. Nikasoma mpaka pale mtoto alipoangalia chini ya bakuli. Akacheka, akanipiga begani. Nikamtazama anavyocheka. Nikaruka mpaka mwisho, nikasema “na makopo yote yalijaa vizuri, mjukuu wako anakusalimu”.

Mimi nashona viatu. Kazi ya kumwambia mama yule kwamba kopo lake ni bovu siiwezi. Kama unaweza kuja mwenyewe, njoo.

Fundi viatu


Tarehe 24 Machi

Wewe,

Anaandika huyuhuyu mwongo kwa sababu sina mwingine, na amekaa kwenye kigoda kama mwanafunzi aliyepigwa.

Ulileta karatasi mbili. Nilizishika mwenyewe, zimejaa huku na huku, hata pembeni umebana maneno. Yeye akasoma kidogo, akazikunja. Nikamwambia, fundi, maneno yaliyotoka hapo hayajazi hata karatasi moja. Mengine umeyamwaga wapi? Akasema mwandiko wako ni mkubwa. Nikamwambia nimepima vitu tangu hajaota ndevu, asome. Akasoma, maneno mengine akiyameza.

Nimesikia.

Kitako kiliwekwa wiki ile ya mvua kubwa. Wifi alikuja na chupa yake wiki iliyofuata. Nakumbuka kwa sababu matope yalikuwa bado mlangoni.

Labda huyo mtoto wako hajui kupima. Labda penseli ilikaa upande. Mtoto asiye na meno ananifundisha mimi kopo langu? Sijui. Usiniandikie tena habari hii.

Bibi yako


Tarehe 9 Aprili

Bibi,

Sitakuandikia habari ile. Nakurudishia kopo la nusu kwa dereva yuleyule. Usiniamini mimi, wala Pengo. Tia mkono wako mwenyewe.

Zimebaki siku ishirini na moja.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Mei

Mke mwenzangu,

Kopo lilifika. Nililiweka mezani siku mbili bila kuligusa, nikawa nalizunguka na ufagio. Siku ya tatu nikaketi, nikatia mkono mmoja ndani na mwingine nikauweka kwa nje. Wa ndani uligota mapema. Nikaingiza na kutoa, nikaingiza na kutoa, labda nilitaka bati lione huruma. Miaka ishirini na minane mkono huu uliingia humo kuosha, na haukuwahi kuniambia neno.

Nikalitia kopo mfukoni nikaenda. Mtaa mmoja tu, lakini nilipumzika njiani mara mbili, na si magoti yaliyonipumzisha.

Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikasema, “Hodi, nimesema.”

“Nimesikia. Nani huyo?”

“Sauti yangu huijui?”

“Sauti naijua. Miguu ndiyo migeni hapa.”

Nikaingia bila kukaribishwa. Godoro limekunjwa, maboksi yamefungwa kamba, kigoda kimebaki kimoja na amekikalia yeye. Akaniuliza kama nimekuja kuhakikisha anaondoka. Nikampa kopo. Nikamwambia, “Tia mkono. Na mwingine weka nje.”

Hakutia. Alilipindua tu. “Kitako juu ya kitako,” akasema. “Nilijua.”

“Ulijua?”

“Ulikuwa unalianika juani kila siku. Niliiona lehemu mpya.”

“Sasa mbona hukusema ni kitako?”

“Ulinipa nafasi? Nilisema maneno manne. La tano lilikuwa lako, na baada ya hapo yote yalikuwa yako.”

Ningeweza kukaa, lakini pa kukaa hapakuwepo. Akaendelea, taratibu, anavyoongea yeye, kama anachambua mchele. Akasema, “Wifi, wengine uliwapunja pia, lakini hawakujua, kwa sababu kila mmoja ulimtilia nyongeza. Mama wa kona, nyongeza. Mlinzi, nyongeza. Hata yule aliyekuwa anakusengenya, nyongeza mpaka inamwagika. Mimi ulipima, ukafuta mdomo wa kopo, basi. Nilikuwa napita na chupa yangu najiuliza nimekukosea nini.”

Nikamwambia kweli, maana sikuwa na kitu kingine. “Mgeni anatiliwa nyongeza ili arudi. Wewe ni ndugu. Ndugu anarudi tu.”

“Ndivyo ulivyofikiri?”

“Ndivyo nilivyofikiri.”

“Basi sikurudi,” akasema.

Nikamwambia nisamehe. Akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani, mke mwenzangu, kama anapima kitambaa. “Ulinifukuza mbele ya watu saba. Leo unaniomba radhi mbele ya maboksi?”

Nikakasirika. Sitakudanganya, nilitoka na mlango niliuvuta kwa nguvu. Nilifika nyumbani nikamtukana paka, nikamtukana na fundi bati, ambaye ni marehemu na hawezi kujibu. Lakini usingizi haukuja, na kulipokucha nilichukua ndoo nikaenda bombani wakati foleni imejaa. Wifi alikuwa wa tatu. Safari hii sikugeuka. Nikaweka ndoo chini nikasema, sikilizeni nyote. Miaka tisa iliyopita mwanamke huyu alisema kopo langu linapunja, nikamfukuza kama mbwa. Kopo lilikuwa linapunja. Hakuwa mwongo. Mjinga nilikuwa mimi, na kopo lenyewe hili hapa, mwenye mkono atie.

Walitia, mmoja mmoja. Fundi viatu aliacha kazi yake akaja naye akatia, kama hajui. Mama wa kona akasema, “Kumbe ndiyo maana chai yangu ilikuwa nyeusi vile.” Mwingine akamwambia, “Chai yako ni nyeusi mpaka leo, na kopo lilistaafu zamani.” Wakacheka. Nikawaacha wacheke, nilistahili. Wifi hakucheka. Akaniuliza, “Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Basi sogea, ni zamu yangu kukinga.”

Nikasogea. Alijaza yake, akaiweka kando, akaikinga yangu. Ilipojaa akashika upande mmoja wa ile ndoo yangu, nami nikashika mwingine, tukaibeba mpaka mlangoni kwangu. Mlangoni akasema, “Nyumba yako ina vumbi.” Nikajua yamekwisha.

Tulipata siku kumi na nne. Nilimsaidia kufunga vyombo, akavifungua, akasema nimevifunga vibaya. Tulikula pamoja kila siku na tuligombana kila siku, na hakuna aliyeondoka. Juzi mwanawe alikuja na gari. Wifi aliingia na kikapu mapajani, dirisha likiwa wazi, nami sikujua mikono yangu niiweke wapi. Sasa nyumba ile ina kufuli. Naipita nikienda bombani. Miaka tisa nilikuwa nayo hapo, mke mwenzangu, hatua mia moja.

Sasa wewe. Fundi alinisomea tena ile barua yako, safari hii yote. Uliandika kwamba yule Pengo ulimkaripia mbele ya wenzake, akae chini. Je, ulimwambia kwamba alikuwa sawa? Au ulimnong’oneza pembeni mwa darasa, ukaona imetosha? Kesho uwakusanye wote, waketi, umsimamishe, useme: mwalimu alikosea, Pengo aliona. Useme kwa sauti. Ukishamaliza, endelea na masomo yako, usilie mbele ya watoto.

Sijakusamehe kwa kunificha, ila nimeelewa. Ukinificha tena nitakuja huko kwa basi, nitakaa kwenye viti vyao vidogo na kukuaibisha.

Na likizo ikifika usije kwangu moja kwa moja. Teremka mji anaokaa wifi, ni nusu ya safari yako, mwanawe ana duka la vioo nyuma ya kituo cha mabasi. Gonga kwa nguvu, sikio lake la kushoto limekufa. Mwambie umetumwa kumchukua. Atasema ana kazi, atasema mgongo, atasema mwanawe hataki. Wewe kaa. Kula chakula chake, lala kitandani kwake, umsumbue mpaka achoke. Usifike hapa bila yeye.

Bibi yako